Kabla Sijaambiwa Shuka

Darasani kwetu viti vyote vilikuwa vya plastiki nyeupe isipokuwa kimoja, ambacho kilikuwa chekundu. Vyeupe vilikuwa vyetu. Chekundu kilikuwa cha mpinzani.

Chumba chenyewe kiko juu ya duka la rangi, unapanda kwa ngazi za chuma zinazolia kila hatua, na harufu ya rangi mbichi inakupokea mlangoni hata kabla ya salamu. Kila Jumatano baada ya Magharibi tulikusanyika pale kusoma ilmul-kalam, elimu ya kuieleza itikadi na kuitetea kwa hoja. Mwalimu wetu, Ustadh, mchana ni fundi wa majokofu. Alikuja darasani na mkoba wake wa spana, akanawa mikono, akafungua kitabu.

Kile kiti chekundu kilikuwa utaratibu wake. Alisema huwezi kujibu hoja ambayo hujawahi kuibeba mwenyewe mgongoni ukaona uzito wake. Kwa hiyo kila wiki mmoja wetu alikalia chekundu na kusema maneno ya wale waliopingana na wanazuoni wetu. Husemi "wao wanadai." Unasema "mimi nasema," na unasema kwa nguvu zako zote. Sisi wengine ni marufuku kucheka, kuguna, au kusema astaghfirullahi kwa sauti. Tukishaijibu hoja, Ustadh anamwambia aliyekaa, "Shuka." Hapo anahamia kiti cheupe na kutamka kwa kinywa chake anachokiamini. Ndipo kiti kinahesabika kimefungwa.

Jumatano ile zamu ilikuwa yangu. Nilipewa wanafalsafa wa kale, wale waliosema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba umekuwepo daima pamoja na Mola kama mwanga ulivyo pamoja na taa. Wiki nzima nilikuwa naisoma ile hoja kazini, karatasi nimeibandika ukutani juu ya meza ya pasi. Nafanya kazi kwa dobi. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni, tumbo langu la mimba likigusa dawati, na tangu hapo nina ugonjwa mmoja: nikipewa kazi ya kufikiri naifanya mpaka mwisho, kama mtu aliyenyimwa chakula utotoni anavyofuta sahani.

Nikakaa. Nikasema:

"Mnadai ulimwengu ulianza. Haya. Kabla haujaanza Mungu yupo, uwezo anao, elimu anayo, wa kumzuia hakuna. Kwa nini basi usianze mapema zaidi? Kama kuna jambo jipya lililomfanya aanze, nambieni hilo jipya lilitoka wapi. Na kama hakuna jipya, basi hali ni ile ile iliyokuwepo. Kutoka kwenye hali ile ile, kitu hakiwezi mara kisitokee, mara kitokee. Chagueni: ama usingetokea kamwe, ama umekuwepo daima."

Muuguzi, dada mmoja wa zahanati ambaye huja na sare yake chini ya baibui, akanyoosha mkono. "Alitaka wakati ule. Basi."

"Wakati ule ulikuwa na nini ambacho wakati mwingine haukuwa nacho?"

Akaushusha mkono. Mwingine akajaribu, nikamrudisha. Mwingine tena. Sitaficha, nilisikia raha. Masikio yalipata moto, sauti yangu ilitoka safi, na wanaume wazima walikuwa wanaangalia sakafu. Ustadh alikuwa anatabasamu. Akavuta pumzi ili aseme, na simu yake ikalia.

Jokofu la chanjo la zahanati lilikuwa limezima. Alishika mkoba wake wa spana akaondoka mbio. Kutoka kwenye ngazi akapaza sauti, "Tutaendelea Jumatano!"

Watu wakakunja makaratasi. Mimi nikainuka kwenye kile kiti mwenyewe. Hakuna aliyeniambia shuka.

Kwenye ngazi nikamkuta Hakimu. Si hakimu wa kweli, anauza vigae, lakini tulimbatiza jina hilo kwa sababu hakuna jambo linalopita mbele yake bila kuhukumiwa. Alikuwa ameshika chuma cha ngazi kama anayezuia njia.

"Dada, umeona ulichofanya?"

"Nimefanya nini tena, kaka?"

"Umeinuka kwenye kiti hakijafungwa. Hoja haikujibiwa na wewe hukurudi kutamka. Maneno yale sasa ni ya nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Anayesema ulimwengu hauna mwanzo, unajua wanazuoni wamesema nini juu yake. Na unajua mwanamke akitoka kwenye dini, ndoa yake inakuwaje. Mtoto naye hufuata mzazi aliyebaki." Akashusha sauti. "Sisemi umetoka. Nasema hukurudi. Jumatano nitalisimamisha darasani, na mumeo itabidi ajulishwe. Dini haina kufichana."

Akashuka. Ngazi zikalia chini ya viatu vyake, moja moja, na mimi nilibaki pale juu.

Njia nzima nilijiambia kwamba yule ni mwuza vigae tu. Lakini nilipofika nyumbani na Kidege, binti yangu, akanirukia shingoni akitafuta ziwa, nikakaa kitandani nikasema bismillahi kama ninavyosema siku zote, na humo humo ndani ya lile neno pakatoka sauti, sauti yangu mwenyewe, ile safi ya kwenye kiti chekundu: *wakati ule ulikuwa na nini?*



Ndipo nilipotambua jambo ambalo Hakimu hakulijua. Jibu sikuwa nalo hata mimi. Ningekuwa nalo, ningejijibu palepale kwenye ngazi na kumaliza mchezo. Nililitafuta nikimnyonyesha, nikalitafuta nikikaanga vitunguu, nikalitafuta kwenye sijida, na kila jibu nililolifikia nilijikuta nimetangulia kufika, nimekaa nimekunja nne kwenye kiti chekundu, nimeshalivunja.

Hofu ya namna hii sikuwahi kuijua. Nimeogopa mengi: nimeogopa leba, nimeogopa mwenye nyumba. Yote hayo yako nje, unaweza kufunga mlango. Hii ilikuwa imekaa palepale ninapokimbilia nikiogopa. Nikisema "Ya Rabbi, nisaidie," yenyewe inauliza.

Kazini nikaunguza kola ya shati. Bosi akanitazama, akasema, "Mama Kidege, hiyo shingo ya shati au mkate?" Wenzangu hawakuwa na mbavu. Mimi nilitabasamu huku machozi yakinijia, nikasingizia mvuke.

Nikampigia Ustadh. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma. Nikasema, "Ustadh, samahani, ni kuhusu kile kiti." Akapiga kelele, "Nani? Kiti gani? Maswali darasani, binti yangu, niko chini ya kompresa!" Akakata. Sikuthubutu kupiga tena. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshindwa kujibu maneno yangu mwenyewe? Na kama angesema kwamba Hakimu yuko sahihi?

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na madirisha, mikono yake ina vidoa vya kuungua kama nguo iliyorukiwa na cheche. Si mtu wa maneno mengi, lakini nyumbani hata kikombe kikihamishwa anajua. Alikuwa ananiona ninavyokaa mbali naye kwenye mkeka, ninavyogeukia ukuta. Jioni moja, tumemaliza kula, Kidege anakokota sufuria sakafuni, akaniuliza:

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kuna nani?"

Aliuliza polepole, na nilivyoona uso wake nikajua kwamba swali hilo amelala nalo siku kadhaa. Nikaona heri nimwambie ukweli kuliko abaki na lile aliloliwaza. Nikamweleza yote: kiti, hoja, simu, Hakimu kwenye ngazi. Nilitegemea atacheka, aseme "mke wangu bwana, na masomo yako." Nilimwombea acheke.

Hakucheka. Akauliza, "Hiyo hoja ikoje?"

Nikamwambia. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mteja anayetaka geti la maua maua. Kisha akachukua vijiko viwili, vya seti moja, akavipanga mbele yake sambamba.

"Hivi viko sawa?"

"Viko sawa."

Akachukua kimoja. "Kwa nini nimechukua hiki? Hakuna sababu. Nimetaka tu. Mungu naye ni hivyo. Alitaka tu."

Moyo uliruka kwa furaha. Nilitaka kunyamaza. Wallahi nilitaka kunyamaza. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Umechukua kilicho upande wa mkono wako wa kulia."

Akavipanga upya, akavileta katikati, akachukua cha kushoto.

"Sasa umechukua cha kushoto kwa sababu nimekwambia habari za kulia. Kila ukichagua kuna kitu kimekusukuma, hukukiona tu. Labda jicho lilianzia pale. Labda kinang'aa zaidi kidogo. Vingekuwa sawa kabisa kwa kila hali, ungekaa hapo mpaka asubuhi."

Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipenda. Alikuwa ananiogopa.

"Unaamini hivyo?" akauliza.

"Siamini! Ndiyo hoja ilivyo!"

"Lakini huwezi kuijibu."

"Siwezi."

Kidege aliiachia sufuria, ikalia chini, sote wawili tukashtuka kama wezi. Mume wangu akavirudisha vijiko kwenye bakuli, akivishika kwa ncha za vidole.

"Mimi sikusoma," akasema. "Sijui kama tumeoana au hatujaoana. Na jambo nisilolijua siligusi. Mpaka Jumatano."

Akatoa godoro dogo la wageni, akalitandika sebuleni.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alikuwa na adabu, adabu ya kutisha, ile ya mtu na mpangaji mwenzake. Asubuhi akabisha hodi kabla ya kuingia chumbani kuchukua shati. Mezani akasema, "Dada, naomba chumvi." Dada! Mimi niliyemzalia. Nikampa chumvi, naye akangoja niiweke mezani ndipo akaichukua, vidole visije vikagusana. Nilivyomwona anavyojichunga, nikajua kwamba haniadhibu. Anaogopa kama mimi, tena yeye anaogopa gizani, hana hata karatasi ya kusoma.

Mama mkwe alipita kutuona. Anaishi mtaa wa pili, na macho yake hayahitaji miwani. Akaliona godoro.

"Hilo godoro linafanya nini hapa?"

"Mgongo, mama," akasema mume wangu. "Kitanda kinaniumiza."

"Kitanda ulichokichomelea mwenyewe?" Akanigeukia mimi. Kidege alikuwa amemkumbatia shingoni, naye alikuwa anampigapiga mgongoni taratibu, na sijui kwa nini kile kiganja kinachopanda na kushuka juu ya mgongo wa mwanangu kilinitia hofu kuliko maneno yote. "Kama nyumba hii ina homa, mkamwana, mtoto huyu mnipe mimi nikae naye mpaka ipoe."

"Hakuna homa, mama."

"Haya. Nimesema tu."

Alipoondoka nilimshika Kidege mpaka akalia akitaka kushushwa.

Jumatano ikafika. Mume wangu alifunga karakana mapema, akaoga, akavaa kanzu. Akambeba mtoto. "Nakuja," akasema. "Nisikie mwenyewe." Tulitembea yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa nimekwishapanga la kufanya, na lile nililolipanga lilinitia aibu, lakini nililishika kama mtu anavyoshika kamba.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nitaisema hoja vibaya. Nitaisema kilegelege, mtu yeyote ataijibu, Ustadh ataniambia shuka, nitatamka imani yangu, na mume wangu atarudisha godoro. Hakuna atakayejua.

Watu walipoketi, Hakimu akasimama. Alikuwa amevaa koti.

"Ustadh, kabla ya somo kuna jambo zito. Huyu dada aliondoka—"

"Najua alivyoondoka," Ustadh akasema. "Mimi ndiye niliyetangulia kuondoka. Kaa."

"Lakini maneno yake yamebaki hewani wiki nzima! Naomba atamke shahada hapa, na ndoa yake itazamwe upya. Mume mwenyewe huyo mlangoni."

Wote wakageuka. Mume wangu akamhamisha mtoto bega la pili. Niliinamisha uso.

"Hoja yake uliijibu?" Ustadh akamwuliza Hakimu.

"Kufuru haijibiwi. Inakanushwa."

"Basi nenda kauze vigae, kwa sababu hapa tunajibu." Akanigeukia, na sauti yake ikalainika. "Binti yangu, nilikuacha pale juu peke yako. Chanjo zile zingeharibika, lakini hata hivyo ningesema neno moja mlangoni na sikulisema. Kosa ni langu. Kaa tufunge kiti. Anza mwanzo, wameshasahau."

Nikakaa. Plastiki ilikuwa baridi. Nikaisema hoja kama nilivyopanga, kwa sauti ya kichovu, nikaacha nusu yake tumboni.

Muuguzi alikuwa amejiandaa. "Nikiwa na vidonge viwili vya aina moja kwenye kiganja," akasema, "nampa mgonjwa kimoja. Hakuna sababu ya hiki badala ya kile. Kutaka ndiko kunakochagua. Na Mola akataka."

"Ndiyo," nikasema. "Kweli. Sina la kuongeza."

Darasa zima lilishusha pumzi. Mtu akasema alhamdulillahi. Ustadh akaniangalia kwa muda, kama anasikiliza mashine ambayo mlio wake si wenyewe, kisha akafungua mdomo aniambie shuka.

Macho yangu yakaenda mlangoni.

Mume wangu alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa umekufa. Alijua. Katika chumba kile chote ni yeye peke yake aliyejua, kwa sababu vidonge vile vilikuwa vijiko vyake, na aliona kwa macho yake nilivyovivunja. Nikaelewa kwamba nikishuka sasa, godoro litarudishwa, chumvi tutapokezana mkono kwa mkono, na kila nikisema "naamini," maisha yetu yote, atakumbuka kwamba mke wake ana sauti mbili. Na mimi nitaendelea kuisikia ile nyingine kila nikitaja jina la Mungu.

"Ustadh," nikasema, "bado."

"Bado nini?"

"Hilo jibu nililivunja nyumbani. Nimejifanya. Naomba niseme upya."

Hakimu akapiga paja. "Mnaona!"

"Sema," akasema Ustadh.

Nikashika kingo za kiti. Niliogopa kuliko leba, kuliko kitu chochote, maana sasa nilikuwa nakwenda kulisema lote, mbele ya mume wangu na mtoto, na kama hakuna atakayejibu sitakuwa na pa kurudi.

"Mwenye vidonge alichukua kilichokaribia kidole. Viumbe hawachagui bila kusukumwa, hawaoni tu kinachowasukuma. Na msiniambie kwamba wakati wenyewe uliumbwa pamoja na ulimwengu. Sawa, ondoeni neno 'kabla.' Nauliza hivi: kusudi la Mungu lilikuwepo daima, kamili, halina kasoro wala kizuizi. Kusudi likikamilika na kizuizi hakipo, kilichokusudiwa kinacheleweshwa na nini? Hakiwezi kuchelewa. Basi ulimwengu umekuwepo daima kama kusudi lilivyokuwepo daima."

Chini, dukani, mtu alikuwa anatikisa kopo la rangi. Muuguzi alikuwa anatazama viganja vyake. Nikaona kwamba Ustadh hanisaidii kwa makusudi. Anamtazama Hakimu.

"Wewe uliyelisimamisha," akasema. "Lishushe."

Hakimu akasimama tena. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo, na nikaona kitu ambacho kwenye ngazi sikukiona kwa sababu nilikuwa natazama hofu yangu. Alikuwa na macho mekundu. Hata yeye hakuwa amelala. Ile hoja aliibeba nyumbani kama mimi, na haikumwacha, na aliponikamata kwenye ngazi alikuwa anajaribu kuifungia ndani yangu ili yeye aondoke.

"Sina jibu," akasema.

"Huna jibu. Swali unalo?"

Akafuta uso kwa mkono wa koti. Akanigeukia, karibu kwa hasira.

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba hakiwezi kuchelewa. Hilo la mwisho. Umelithibitisha, au umejisemea?"

"Hilo kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Huyu hajui, yule hajui. Kingekuwa kitu cha kila mtu kujua, kama mbili ni zaidi ya moja, tungekuwa tunabishana nini hapa?" Sauti yake ilikuwa inapanda. "Umelitoa wapi?"

"Nikikusudia kuinuka," nikasema, "na kusudi langu limekamilika, na hakuna kinachonizuia, nainuka. Siketi nikingoja."

"Wewe," Hakimu akasema.

"Ndiyo, mimi."

"Wewe." Akaonekana kama mtu aliyepapasa ukuta gizani akakuta mlango. "Wewe unayechoka. Unayesahau. Unayeinuka kwa sababu mtoto amelia. Umejipima wewe, dada, kipimo hicho ukaenda nacho kwa Yule ambaye umeanza kwa kusema hafanani na kitu. Nani alikwambia kusudi lake liko kama lako? Na kwamba Yeye husukumwa kama wewe unavyosukumwa? Hivyo vijidonge, hivyo vidole... vyote ni sisi!"

Nikatafuta jibu. Nilitafuta kwa uaminifu, naapa, niliingia kila chumba cha kichwa changu. Nikafika mahali nilipokuwa najikuta nimetangulia kufika, nimekunja nne. Safari hii pale palikuwa na mtu, lakini hakuwa na la kusema. Nikapata kimoja tu.

"Na ninyi mmejuaje kwamba kinaweza kuchelewa?"

"Hatujasema tumelithibitisha leo," Ustadh akaingia. "Hilo lina Jumatano zake. Leo wewe ndiye uliyekuja kutufunga mikono, ukasema *haiwezekani*. Kamba yenyewe umeisokota kwa nywele zako. Hajakuonyesha kwamba ulimwengu ulianza. Amekuonyesha kwamba hujathibitisha kuwa haukuanza. Umeona tofauti?"

"Nimeona."

"Una zaidi?"

"Sina. Kweli sina."

Akamtazama mume wangu mlangoni, kama anayejua ni nani mwenye haki ya kuulizwa. "Safari hii hana kweli?"

Mume wangu akanitazama machoni. Muda mrefu. "Hana," akasema.

"Shuka, binti yangu."

Nikashuka. Kiti cheupe kilikuwa hatua mbili tu. Nikasema ninachokiamini, kwa maneno yangu, kwamba yupo Mmoja, hana mwanzo, na kila kisichokuwa Yeye kilikuwa hakipo kikawepo kwa kutaka kwake. Nilisubiri ile sauti iulize. Ikauliza, nisiseme uongo. Lakini sasa ilikuwa sauti ya mwanafunzi, si ya mpinzani.

"Na ndoa?" mume wangu akauliza kutoka mlangoni, kwa sauti kubwa kidogo kuliko alivyokusudia. Kidege alikuwa amelala begani kwake, mate yanachuruzika kwenye kanzu.

"Ndoa gani?" akasema Ustadh. "Maneno ya kiti ni ya kiti. Ningekufa chini ya lile jokofu nisirudi kamwe, bado yasingekuwa yake. Nani aliwatia hofu hii?"

Hakuna aliyemtaja. Mimi sikumtaja. Hakimu alikuwa amejiinamia, anahesabu vifungo vya koti lake.

Ustadh akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Jumatano ijayo ni wale wasemao kwamba Mungu hajui mambo madogo madogo, anajua yale ya jumla tu. Atakalia..." Akainua macho. "Wewe, mwuza vigae."

"Mimi?"

"Wewe una maswali mazuri."

Tulipotoka, mume wangu alitangulia na mtoto, anashuka polepole asimwamshe, mkono mmoja ameunyoosha nyuma bila kugeuka, kiganja wazi. Nilikuwa naufuata mkono ule nilipoguswa baibui. Hakimu alikuwa amesimama ngazi ya juu yangu, na hapakuwa na hukumu yoyote usoni mwake.

"Dada, nisamehe," akanong'ona. "Nikuulize. Baada ya kukaa pale... mtu analalaje?"

"Halali, kaka," nikasema. "Ila mwambie mkeo kabla hujakaa. Usingoje mpaka akuulize."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepewa maelekezo ya dawa, nami nikashuka nikaushika ule mkono.